Nywele za Kamishna Ndani ya Mursik

"Tecla, hii ni nini?"

Mama Phyllis, mama yake Tecla, alikuwa ameshika kikombe cha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameinua unywele mmoja mweusi, mrefu, unaodondosha maziwa kwenye zulia lake la sebuleni. Wazee wa Mogogosiek, wageni waliotoka Kericho, shangazi waliokuwa wakipita na sahani, wote waliutazama.

"Hiyo si ya mtu," akasema Mzee Johana, ndugu wa marehemu baba yake Tecla. "Hiyo ni nywele ya mbwa."

Siku hiyo ilikuwa ya koito, siku watu wa mume wanapokuja kumwomba msichana rasmi, na Nyang'au alikuwa amekuja na baba yake. Tecla na Nyang'au walikuwa wameishi pamoja karibu mwaka mzima bila baraka ya mtu, na maneno kijijini yalikuwa mengi. Wazee wakikubaliana, maneno yangekwisha. Mursik yenyewe Tecla aliitengeneza kwa mikono yake, mama aone kwamba hata akiolewa na Mkisii, maziwa hajasahau.

Sasa ngoja niwaambie mbwa aliingiaje kwenye kibuyu.

Nyang'au ni fundi wa mashine za kuchuma chai. Huzunguka Litein, Mogogosiek mpaka Bomet akivuta kwa pikapu karavani aliyojiundia mwenyewe. Ndani mna kitanda, jiko la gesi na Kamishna, mbwa mweusi wa manyoya marefu anayelinda vyombo vya kazi. Kamishna ni mbwa mzuri sana, ila anapukutika. Nywele kwenye blanketi, nywele kwenye ugali, nywele mpaka kwenye mswaki. Nyang'au alimchana nje kila asubuhi kabla ya safari. Tecla alipangusa viti kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa, akabandua nywele za blanketi kwa selotepu, akatandika leso kuukuu juu ya godoro. Barabara mbaya ikiwatikisa kidogo tu, nywele zilitoka upya kila pembe.

Wiki moja kabla ya koito, shangazi mmoja alipiga simu kusema wangependa kuingia waone hiyo nyumba ya magurudumu. Tecla akaingiwa na kiwewe. Ufagio ulishindwa na zulia la karavani, selotepu ikaisha. Ndipo akaiona sosiot, ule mti wenye ncha ya nyuzinyuzi aliopewa na mama pamoja na kibuyu. Ni mti wa kusugulia kibuyu cha maziwa, na hauna kazi nyingine duniani. Alipousugua kwenye zulia, nywele zote zikatoka.

"Tecla, hiyo si ya kibuyu?" Nyang'au aliuliza akiwa mlangoni.

"Nitaiosha na maji moto."

"Na mama yako akijua?"

"Atajulia wapi? Ama wewe Mkisii ndio utanifundisha mursik?"

Walicheka. Jioni hiyo hiyo Tecla akaiosha ile sosiot harakaharaka, akasugua nayo kibuyu, akatia maziwa.

Basi turudi sebuleni.

"Nauliza tena," Mama Phyllis alisema. "Sosiot niliyokupa, ilifanya kazi gani?"

Tecla aliangalia viatu vyake. Aseme nini mbele ya wazee wote, msichana aliyelelewa na mama huyo huyo? Kwamba alisafisha nywele za mbwa kwa mti wa maziwa?

"Ni mimi, mama," Nyang'au akasema.

Akasimama mbele ya wazee.

"Nilitoa nayo nywele za mbwa kwa karavani. Sikujua ni ya maziwa. Naomba msamaha."

"Hukujua?" Johana aliegemeza fimbo kwenye kiti. "Umekaa na mtoto wetu mwaka mzima na hukujua? Mimi nilisema kutoka mwanzo, hawa watu hawajui maziwa. Huyu atalisha mtoto wetu na mbwa kwa sahani moja."

"Mzee, kijana ameomba msamaha," akasema Mzee Ogari, baba yake Nyang'au.

"Nimesikia. Lakini leo hatuongei. Rudini kwenu kwanza."

Nyang'au alimtazama Tecla, akangoja. Neno moja lingetosha, na Tecla alikuwa nalo mdomoni kabisa. Akalimeza. Jamani, huyu msichana ningekuwa karibu ningemfinya.

Mzee Ogari aliokota kofia yake. Karavani ikateremka katikati ya mashamba ya chai, na Tecla hakutoka hata kuaga.

Jioni akaandika ujumbe.

"Babe nisamehe. Niliogopa. Nitawaambia ukweli, nipe tu siku kidogo."

"Sawa," Nyang'au akajibu.

Hizo siku kidogo zikawa mwezi. Kila asubuhi Tecla aliamka na nia ya kusema, na kila jioni alilala na aibu yake. Mwishowe, wakichuma chai na mama yake, ikamtoka.

"Mama, si Nyang'au. Ni mimi nilichukua sosiot."

Mama Phyllis hakuacha kuchuma.

"Nilijua. Ni mwanaume gani huyo anasugua zulia? Nilikuwa nangoja useme, ukanyamaza."

"Mbona hukusema?"

Mikono ya mama ikasimama juu ya majani.

"Niliogopa wazee watasema sikukufunza. Nikaacha mtoto wa wenyewe atukanwe kwa nyumba yangu. Lete simu."

Alimpigia hapo hapo shambani.

"Nyang'au, ni mama Tecla. Tulikukosea. Tecla ameniambia. Tafadhali kuja Jumamosi, na baba yako."

Jumamosi alikuja peke yake. Mzee Johana alisimama kumpokea.

"Kijana, ile siku mdomo wangu ulikuwa mbaya. Pole sana."

"Imeisha, mzee."

Mama Phyllis alimmiminia mursik mwenyewe. Nyang'au akanywa yote.

"Tamu, mama."

Watu walicheka, na Johana akaanza kuulizia siku nyingine ya koito. Nyang'au akaweka kikombe mezani, akasema angependa kuongea na Tecla kwanza. Walisimama nje kando ya pikapu.

"Nimeambia watu wote," Tecla alisema. "Anko, shangazi, wote wanajua ni mimi."

"Najua. Asante."

"Basi turudi. Hata Kamishna alale kwa kitanda, sitasema kitu."

Nyang'au alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha.

"Tecla, maneno ya mzee yalipita. Lakini baba yangu alifukuzwa hapa kofia ikiwa mkononi, na wewe unaangalia viatu. Nilikuangalia. Na ulijua nakuangalia."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Na kosa halikuwa langu."

"Kwa hivyo?"

"Siku moja tungepata shida kubwa kuliko nywele ya mbwa. Ningekuangalia tena. Sitaki kufika hiyo siku."

"Bado nakupenda, Nyang'au."

"Hata mimi. Hiyo ndiyo inaniuma. Mwambie mama nitarudi siku moja kumsalimia."

Aliingia kwenye pikapu, akaondoka taratibu. Tecla alilia akiwa amesimama pale pale. Mama Phyllis akatoka nyumbani akipangusa mikono.

"Mmeelewana? Amesema atarudi?"

"Amesema atarudi, mama," Tecla akajibu. "Kukusalimia wewe."