Mtoe Huyo wa Pembeni

"Mtoe huyo mwanamke wa pembeni, abaki mwanamume peke yake. Saizi inchi kumi na tatu na nusu kwa ishirini na moja. Ukingo uwe mweusi. Chini acha nafasi ya maneno."

Ujumbe huo uliingia kwenye simu ya studio pamoja na picha moja. Binti wa kompyuta aliusoma, akavuta kiti, akaifungua picha ili aanze kazi. Mkono wake ukaganda juu ya kipanya.

Mwanamke wa pembeni alikuwa yeye mwenyewe.

Alijiona anacheka, kichwa kimelala kwenye bega la Fundi Fremu, na Fundi Fremu naye anacheka huku vumbi la mbao limemganda kwenye nyusi. Hiyo picha waliipiga kwa simu ya Fundi, karakanani kwake, mchana mmoja wa raha zao.

Binti huyo pale studio walimwita Inchi. Mtu akileta picha ya pasipoti akitaka iwe kubwa kama mlango, ndiye aliyemwambia kwa upole kwamba picha si chapati, ukiisukuma haitanuki tu, inachanika. Mwingine akitaka picha ya mraba iingie kwenye fremu ndefu, ndiye aliyemwonyesha kwamba akiilazimisha, bibi harusi atatoka na uso wa farasi. Jina hilo alipewa na Fundi Fremu, aliyekuwa akiwaletea fremu za mbao. Yeye anapima mbao, binti anapima picha, wakawa wanagombana kwa sababu ya nusu inchi, hadi ugomvi ukawa salamu na salamu zikawa mapenzi. Mahari ilikuwa imeshazungumzwa.

Kisha siku moja, bila kisa wala mkasa, Fundi akamletea ujumbe: "Nimepata mwingine. Usinitafute." Tangu hapo simu yake haikupatikana, na karakana ikafungwa kufuli.

"Inchi, mbona umekauka kama samaki wa juani?" Mama Studio, mwenye ofisi, aliuliza akitokea kwenye chumba cha kupigia picha.

"Njoo uone, mama. Njoo uone dharau! Kumbe huyo mwingine wake hata kivuli changu hakitaki. Anataka nijikate mwenyewe kwa mkono wangu!"

Mama Studio alivaa miwani, akausoma ujumbe, akarudia. Hakucheka wala hakulaani.

"Mwanangu, punguza hasira usome tena. Ukingo mweusi. Nafasi ya maneno chini. Picha ya namna hii huwa tunamtengenezea nani hapa?"

Inchi alisoma tena.

Alishatengeneza nyingi za namna ile. Chini huandikwa jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Ndiyo picha inayotangulizwa mbele ya jeneza.

"Hapana," alisema. "Hapana, mama. Hapana."

Akapiga namba ya Fundi Fremu. Haipatikani. Akapiga tena, kama vile simu ingemwonea huruma. Haipatikani.

Ujumbe ulikuwa umetoka kwa kijana wa duka la stesheneri, ambaye kazi zikimshinda ukubwa huwatupia wao. Inchi akampigia.

"Kaka, hii picha ya ukingo mweusi kakuletea nani?"

"Dada mmoja hivi, mtu mzima. Mimi printa yangu mwisho A4, ndiyo nikaisogeza kwenu. Kwani vipi?"

"Picha ni ndogo. Imetumwatumwa kwenye WhatsApp hadi imepungua. Nikiikuza hivyo sura itavunjikavunjika. Nipe namba yake nimwombe ile halisi."

Hakusema uongo, picha kweli ilikuwa ndogo. Lakini sicho kilichokuwa kinaitetemesha sauti yake.

Simu iliita kwa muda mrefu. Aliyepokea alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu aliye mahali pasiporuhusiwa makelele.

"Haloo?"

"Shikamoo, dada. Napiga kutoka studio, ni kuhusu ile picha uliyoiacha kwa kijana wa stesheneri."

"Marahaba. Imekuwa tayari?"

"Bado, dada. Ni ndogo, ikikuzwa itaharibika. Unayo ile halisi?"

"Halisi imo kwenye simu yake, na simu kaizima. Mimi alinitumia hiyohiyo kabla hajaizima."

Alinitumia. Inchi akaling'ang'ania neno hilo kama mfa maji.

"Kwa hiyo, dada... mwenye picha yupo?"

Kwa mbali magurudumu ya kitanda yakapita yakilia, na mtu akakohoa kikohozi kisichoisha.

"Yupo," dada akasema. "Hadi sasa yupo. Kesho asubuhi anaingia kupasuliwa. Ana uvimbe kichwani, mdogo wangu. Kaniagiza picha kwa mdomo wake, na fremu kaigonga misumari mwenyewe kabla ya kulazwa. Kaniambia studio ile kubwa nisiende, nipeleke popote pengine. Mimi nafanya tu anachotaka. Nitambishiaje mtu aliye katika hali ile?"

"Na huyo mwanamke wa pembeni?"

"Kasema atolewe. Hataki binti wa watu aitwe mjane kabla hajaitwa bibi harusi."

Inchi aliziba mdomo kwa kiganja, lakini kilio kilishatoka.

"Haloo? Wewe, upo?"

"Dada... huyo wa pembeni ni mimi."

*

Mama Studio ndiye aliyemsukuma nje, akamfungia kompyuta, akamwekea kitenge mkononi. "Nenda. Wateja watangoja. Kifo hakingoji mtu achane nywele." Halafu akajutia mdomo wake. "Sikumaanisha hivyo, mwanangu. Nenda tu."

Dada yake Fundi Fremu alikuwa anamsubiri kwenye geti la hospitali. Hawakuwa wamewahi kuonana, ila sura zilifanana, yule na kaka yake, mpaka mkunjo wa paji la uso. Walitazamana, wakakumbatiana bila salamu.

"Atanichinja kwa kukuleta," dada alisema.

"Aanze na mimi, wifi."

Walipita ukumbi mrefu unaonuka dawa. Kila mlango uliofunguka, moyo wa Inchi ulipaa. Pembeni kulikuwa na kitanda kimefunikwa shuka hadi juu. Alikitazama, akaona shuka linapanda na kushuka, mtu amelala tu. Wifi akamshika kiwiko.

Fundi Fremu alilazwa kitanda cha kando ya ukuta. Nywele zilikuwa zimenyolewa zote, na upande mmoja wa kichwa walikuwa wamemchora mstari kwa kalamu ya bluu. Inchi alikiona kile kimstari akajua ndipo kisu kitakapopita.

Mgonjwa alimwona, akageukia ukuta.

"Dada," aliuambia ukuta, "nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiende studio yao. Sikwenda," dada alisema. "Picha imejipeleka. Nakwenda kutafuta maji ya kunywa." Akaondoka, na maji yalikuwa palepale mezani.

Inchi alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Yuko wapi huyo mwingine?"

Alijivutia shuka hadi shingoni.

"Nakuuliza. Yuko wapi huyo mwanamke uliyempata? Nimsalimie."

"Inchi, nenda nyumbani."

"Nililia mpaka nikawa naogopa kujitazama kwenye kioo. Nilijiuliza nina kasoro gani. Kumbe mwingine mwenyewe ni uvimbe!"

Mabega ya Fundi yalitikisika. Inchi alidhani analia, kumbe ni kicheko, kisha kikageuka kilio kweli.

"Nilitaka unichukie," alisema. "Ukinichukia, nikifa hutaumia sana."

"Nani kakupa kazi ya kunichagulia maumivu?"

"Daktari kasema naweza nisiamke. Na nikiamka naweza nisiongee, au nisimjue mtu. Utafanya nini na mume asiyekujua jina? Una maisha yako mbele. Mimi nilikaa karakanani nikatengeneza fremu ya mwisho, nikatafuta picha. Zote nimenuna, ila ile moja. Ile tu ndiyo nacheka, na nacheka kwa sababu yako. Ikabidi uwe wa kukatwa."

Inchi alimgeuza uso kwa mikono miwili, taratibu, akiogopa hata kugusa ngozi ya kichwa.

"Nisikilize. Siikati. Ukifa, nitaichapa hivyohivyo na mimi nimo pembeni. Wakiniita mjane, waniite. Hilo ni jina langu, si lako la kunificha nalo."

"Inchi..."

"Na tena sijamaliza kukugombeza."

Fundi aliushika mkono wake.

"Naogopa," alisema, kwa sauti ya mtoto. "Sijamwambia mtu. Dada nikimwambia ataanguka. Usiku nikifumba macho nahisi ndiyo sifumbui tena. Naogopa sana."

"Mimi pia," alisema Inchi. "Sikiliza meno yangu."

Kweli yalikuwa yanagongana. Akamlalia kifuani hadi muuguzi alipokuja kuwafukuza wageni, na muuguzi mwenyewe alipita mara mbili akijifanya hajamwona.

*

Asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Inchi alitembea pembeni amemshika mkono, mpaka kwenye mlango wenye maandishi mekundu. Hapo akatakiwa auachie. Hakuuachia. Muuguzi alimbandua kidole kimoja kimoja.

"Ukitoka umenisahau nitakukumbusha," Inchi alimwambia mgonjwa.

"Na nisipotoka?"

Mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi la chuma, yeye na wifi yake. Wifi alianza kuomba, akapotea katikati ya maneno, akaanza upya. Mama Studio alituma ujumbe: "Mmefikia wapi?" Inchi akajibu: "Bado." Baadaye ukaja mwingine: "Na sasa?" Hakuweza kuandika.

Kitu kilichomtesa zaidi ni mlango. Ulikuwa unafunguka kwa ajili ya watu wengine. Kila ukifunguka, familia nzima zilisimama. Mara moja alitoka daktari aliyevua kofia, akaenda kwa mama mmoja aliyekaa upande wa pili, akamwinamia. Yule mama alishuka tu kutoka kwenye benchi hadi sakafuni, halafu ndipo akapiga ukelele uliowasimamisha wote vinyweleo.

Kucha za wifi zilizama kwenye mkono wa Inchi. Hakuhisi chochote.

"Twende nje," wifi alinong'ona. "Siwezi."

"Tukitoka, daktari akija atamkuta nani?"

Wakabaki.

Jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili daktari wao alipotoka. Inchi alijaribu kumsoma usoni, lakini barakoa ilimficha.

"Ndugu wa fundi seremala?"

"Ndiyo sisi," wifi alijibu.

"Uvimbe tumeutoa wote. Moyo wake unapiga vizuri."

Wifi alianza kushukuru, daktari akainua kiganja.

"Lakini hajaamka. Na akiamka, mkono wa kulia unaweza kuwa na shida. Mengine siwezi kuwadanganya. Tungoje."

Kwa hiyo hofu haikuondoka, ilibadilisha kiti tu.

Walipomruhusu Inchi kuingia, Fundi Fremu alikuwa amefungwa bendeji kichwa kizima, mipira puani, uso umevimba hadi hakumtambua mara moja. Inchi alimwita. Hakuna. Akamwita tena, akimtajia ugomvi wao wa nusu inchi, akimtukana kidogo, akimbembeleza. Mashine ikawa inalia peke yake.

Jioni kope zilicheza. Macho yakafunguka. Yakatazama dari, yakamtazama muuguzi, yakapita usoni mwa Inchi bila kusimama, kama mtu apitavyo dirisha la duka asimonunua kitu.

Hanijui, Inchi alijisemea. Mungu wangu, hanijui.

"Kaka," muuguzi aliita. "Angalia huku. Unamjua huyu?"

Macho yalirudi polepole. Yalimkaa usoni. Wifi alijiziba macho kwa kitenge.

"Namjua," alisema, kwa ulimi mzito.

"Ni nani?"

Alimeza mate. Alitafuta neno mbali, akalipata.

"Mjeuri."

Inchi alicheka, akalia, akapiga magoti sakafuni akaubusu ule mkono wa kulia. Haukumbana vidole kama zamani. Akaubusu tena.

*

Harusi yao ilikuwa ndogo, na ilichelewa, maana bwana harusi alitaka atembee mwenyewe bila kushikwa. Alitembea. Nywele zilikuwa zimeota tena, isipokuwa kwenye kovu.

Ilipofika zamu ya pete, watu walisogea waone. Mkono wa kulia wa Fundi Fremu ulikuwa bado haujatulia. Aliishika pete, ikamtetemeka, ikagonga ukucha wa Inchi, ikateleza, akaidaka. Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Mama Studio akainamisha kichwa asione. Bwana harusi aliinua macho, na Inchi akaiona hofu ileile ya kitandani imerudi.

"Inchi," alinong'ona, "haiingii. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Wewe ishikilie tu."

"Mkono unacheza."

"Wangu pia unacheza. Ishikilie hapohapo, mume wangu."

Akaishikilia, ikitetemeka hewani. Na bibi harusi, mbele ya watu wote, akausogeza mkono wake mwenyewe, akakiingiza kidole ndani ya pete hadi mwisho.

Wifi yake ndiye aliyeanza vigelegele.