Mzigo wa Namanga

"Hakuna atakayekwenda polisi," Uwesu alisema. "Mwizi hashitaki kwamba kaibiwa."

Saa nne asubuhi, Ipagala, Dodoma. Chumba cha nyuma ya gereji, mlango umefungwa, bati linachemka. Uwesu alikwisha kuvaa sare za polisi. Zilikuwa zake za kweli. Alilinda mpaka wa Namanga miaka mingi kabla hawajamfukuza, na njia zote za panya alizijua.

"Lori la bluu. Mlangoni magunia ya vitunguu, nyuma yake simu za magendo. Linapita Kondoa, linashuka Chemba. Mimi nalisimamisha. Sostenes anawafunga dereva na utingo. Elieth, unakamata usukani, unanifuata porini. Kuna swali?"

Elieth hakuwa na swali. Alikuwa ameendesha malori ya watu ujana wake wote, akilala chini yake, akitukanwa na wenye nayo. Mchongo huu ungempa la kwake. Sostenes, aliyemwingiza kwenye genge, akamkonyeza. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, mcheshi, hajapata kumpiga mtu hata kofi.

"Na hiyo ya nini?" Sostenes akaonyesha bastola kiunoni mwa Uwesu.

"Pambo."

Uwesu hakucheka.

Saa nane mchana, kusini ya Chemba. Lori lilisimama kwa adabu. Dereva akashuka na leseni mkononi. "Shikamoo, afande." Punde yeye na utingo wake walikuwa nyuma ya kichuguu, wamefungwa kamba, midomo imezibwa. Elieth akapanda, akaifuata Prado ya Uwesu kwenye njia ya ng'ombe. Vumbi jekundu. Miiba ikikwaruza milango.

Ndipo aliposikia. Ngo. Ngo ngo. Nyuma ya kiti chake, ndani ya bodi.

Simu hazigongi.

Walipofika korongoni alishuka bila kuzima injini. Sostenes akakata kufuli, akavuta magunia mawili. Harufu ya jasho na mkojo ikawapiga usoni. Kisha macho. Vijana wa Kihabeshi, wamebanana, midomo imepasuka kwa kiu. Msichana mmoja alikuwa amempakata kijana aliyefanana naye, na yule kijana hakusogea.

"Uwesu! Hawa ni watu!"

"Najua. Ndugu zao watawakomboa. Funga mlango."

"Kwa jua hili? Watakufa humu!"

"Funga."

"Tulikubaliana simu, kaka." Sostenes akauwekea mlango mgongo. "Mimi sifungi."

Bastola ililia mara moja. Sostenes akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, akamtazama Elieth. Hakuinuka tena.

"Basi funga wewe, dada," Uwesu alisema, kwa sauti ile ile ya gereji.

Elieth akashika komeo.  "Limepinda alipokata. Bila nyundo halifungi."

Uwesu akasonya, akaelekea kwenye Prado. Alipoinamia buti la gari, Elieth alikuwa tayari kwenye usukani.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni. Ya pili hakujua ilikwenda wapi. Alilala juu ya usukani, magunia yakidondoka nyuma, watu wakipiga kelele kwa lugha asiyoijua. Alipoiona lami hakuwaza pa kujificha. Aliwaza kizuizi cha polisi, cha kweli, upande wa Dodoma.

Akasimama pale, akashuka mikono juu. "Nimeiba lori hili. Ndani kuna watu. Wapeni maji kwanza."

Prado ikafika. Uwesu akashuka akijifuta vumbi, na askari kijana akampigia saluti.

"Kazi nzuri," Uwesu alisema. "Mtuhumiwa wangu huyo. Kaua mtu porini."

 Sare dhidi ya mwizi, nani angemsikiliza Elieth?

Lakini yule msichana alikuwa ameshuka. Kiswahili hakukijua. Alimnyooshea Uwesu kidole, akakigeuzia kifuani mwake mwenyewe. "Pu!" Akarudia. Nyuma yake wenzake wakanyoosha vidole, mmoja mmoja.

Sajenti Devota, mkuu wa kizuizi, aliwatazama, akamtazama Uwesu.

"Samahani, afande. Nipe bastola niinuse."

Uwesu akatabasamu. Bunduki mbili za askari zikainuka. Akaitoa.

Sajenti alinusa mtutu. Ulinuka baruti mbichi. "Mfungeni." Akamgeukia Elieth. "Na wewe. Mikono."

Elieth akaitoa. Pingu zilikuwa za moto kwa jua.

"Kuna mwenzangu korongoni," alisema. "Afande, naomba. Fisi wasimkute."