Chupa Kumi na Mbili

Jumamosi asubuhi, Kidoti alipomaliza kufagia ua na kuanika nguo, alimkuta shangazi yake jikoni amezungukwa na matunda. Msimu ulikuwa umekolea: mapeasi yamejaa ndoo, mapichi yamejaa beseni, na zabibu zimelala kwenye ungo. Siku iliyofuata Bibi, mama mzazi wa Shangazi, alikuwa anarudi nyumbani kutoka hospitali, alikopasuliwa tumbo. Daktari aliagiza ale vitu laini na, zaidi ya yote, visafi. Tumbo lake lisingestahimili uchafu hata chembe.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, lakini kwa matunda ya kuchemsha hakuna aliyemfikia mtaani. Alimenya peasi kwa utepe mmoja mrefu wa ganda, usiokatika. Palipochubuka alipatoa kwa ncha ya kisu, kama anayefumua mshono mbaya. Kwenye maji ya sukari na ganda la limau alitanguliza mapeasi, kwa kuwa ni magumu, mapichi yakafuata, zabibu zikaja mwisho, moto ukiwa umeshazimwa. Hakutumia mwiko. Alishika sufuria kwa vitambaa akaitikisa taratibu, na vipande vikabaki vizima, vinang'aa. Kidoti alimtazama hadi akasahau kufunga mdomo. Shangazi akamshauri aufunge kabla nzi hajapata pa kulala.

Kazi ya Kidoti ilikuwa chupa. Alitakiwa kuchemsha chupa kumi na mbili na vifuniko vyake, sita sita, dakika ishirini kila mara kwa saa ya ukutani. Sita za kwanza alizichemsha sawasawa. Za pili hazijafikisha hata dakika tano, rafiki zake wakamwita dirishani waende kuruka kamba, wakamtania kwamba ameolewa na sufuria. Akaziopoa, akazifuta kwa kitambaa, akazipanga pamoja na zile nyingine. Zote zilimeta vilevile.

Aliporudi, chupa zilikuwa zimeshajazwa na kufungwa, na haikujulikana ipi ni ipi. Shangazi alikuwa akiandika tarehe kwenye vifuniko huku akiimba kwa sauti ya chini. Alisema chupa hizo zingemfikisha mama yake hadi siku ya kutolewa nyuzi. Kidoti akaisogelea meza.

"Shangazi, chupa sita sikuzichemsha vya kutosha," akasema. "Nilizifuta tu kwa kitambaa. Na sizijui ni zipi."

Shangazi akauliza kitambaa kipi. Kidoti akamwonyesha kile alichopangusia meza asubuhi. Akainamisha kichwa, akasubiri kufokewa. Alichosikia ni kifuniko cha kwanza kikifunguliwa, kisha cha pili, mpaka cha kumi na mbili. Shangazi alikuwa akirudisha matunda yote sufuriani.

"Yatavurugika," Kidoti akasema, machozi yakimlengalenga.

"Yatavurugika, ndiyo. Kachemshe chupa, mwanangu. Zote."

Safari hii Kidoti alisimama mbele ya saa mpaka dakika ya mwisho. Mapeasi yakalainika kupita kiasi, mapichi yakageuka uji. Sifa yote ya Shangazi ikayeyuka sufuriani, naye akaanza kujaza chupa upya.

Kesho yake Bibi aliinua kijiko, akauliza kama matunda haya yamekuja kwa miguu, mbona yamechoka hivyo. Shangazi akacheka tu, hakumtaja mtu. Kidoti mwenyewe ndiye aliyesimulia, tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alimsikiliza huku akila, akalikomba bakuli, akaomba aongezwe.

Walipokuwa wakiosha vyombo, Shangazi alimwambia, "Jana matunda yangu yalikuwa mazuri kweli, na huenda yangemrudisha mama hospitali huku mimi nikisifiwa. Kosa lako ulilisema mapema, tukaweza kulirekebisha. Ungelificha, angeumwa mtu ambaye hakulifanya. Kwa hiyo ukikosea, sema, hata kama sauti inatetemeka."

"Ilitetemeka sana, Shangazi."

"Niliisikia," akasema Shangazi, akampa bakuli lingine alifute.