Kiu ya Gari la Muharami

Apa kwanza kwamba haya hayatoki mdomoni mwako. Aliyeyaleta naye aliapishwa, na kiapo chake hakikufika hata sokoni. Basi sogea.

Mwaka wa hamsini na nne, pale Mbeya, Rukia alikuwa na haraka moja tu: afike Iringa kabla binti yake Jaha hajajifungua. Uzazi wa kwanza, mama yake asiwe chumbani? Mumewe Muharami, muuza kanga, akanunua gari kuukuu la kabla ya vita, la kuwashwa kwa hendeli. Fundi Tadeo alishinda uani wiki nzima akiliandaa kwa milima ya njiani: springi, viraka vya mipira, madebe ya maji.

Kiti cha mbele kilikuwa kimechanika. Rukia akafungua sanduku la marehemu mama yake, akatoa kitambaa chekundu. Mama alikuwa akikitandika kila mwaka kiwe kiti cha jini lake, kwa udi na marashi. Tangu wahamie bara, hakuna aliyekitandika. Akampa Tadeo akishone juu ya kiti cha gari.

Toka siku hiyo rejeta haikukaa na maji. Inajazwa adhuhuri, alasiri kavu, na vumbi chini halijalowa hata tone. Kitini kunanuka udi, na nyumbani hakuna aliyefukiza.

"Mama, hili gari halivuji," Tadeo alinong'ona. "Linanyonywa."

Rukia akamwambia apunguze pombe ya ulanzi. Lakini kila akiamka usingizi wa mchana, ulimi ulikuwa na ladha ya kutu na kanga imelowa kifuani. Akasema ni jasho la wasiwasi. Mbele ya majirani akaapa kwamba huyo mwizi wa maji atamkamata yeye mwenyewe.

Asubuhi ya safari ukungu ulifunika ua. Majirani walikuja kuwaombea dua. Tadeo akajaza maji, akazungusha hendeli, gari likakohoa, likawaka, likaanza kuchemka palepale. Akafungua mfuniko wa rejeta aongeze maji, na hapo udi ukatanda hata watu wakaziba pua, na Rukia akasikia mtu anagugumia maji, gudu, gudu, gudu, karibu mno, kama ndani ya masikio yake, akageuza macho amtafute mwizi na hakuona ila majirani wanarudi nyuma mmoja mmoja, wote wakimtazama yeye.

"Rukia, shoga yangu," Bi Mwanakhamisi, jirani wa ukuta mmoja, alinong'ona, "toa mdomo hapo."

Alitaka kuuliza hapo wapi. Hakuweza, kinywa kilikuwa kimejaa. Mikono yake ilikuwa imekumbatia chuma cha moto cha rejeta na haikuungua, na maji ya kutu yalikuwa yakimtiririka kidevuni, yangali yanafuka moshi.

Muharami akauliza, "Nani wewe?"

Mdomo wa Rukia ukajibu kwa sauti nzito ya kiume, "Kiti nimeshatandikiwa. Pandeni twende. Mtoto anakaribia."