Chungwa la Klara

Sokoni Nyasubi, mjini Kahama, Juni 1996, Zipora aliinamia tenga la machungwa, gauni lake la manjano likigusa vumbi. Badala ya kuchagua tunda akachomoa jani.

"Dada, majani tunawapa mbuzi," muuzaji, kijana aitwaye Masele, akamwambia.

"Basi mimi ni mbuzi. Chungwa baki nalo."

Hakubaki nalo. Masele alilimenya, akampa nusu. Zipora, mtafiti wa mimea kutoka Morogoro, alikuwa amekula machungwa ya kila pembe ya nchi, lakini hilo lilikuwa na ladha asiyoijua.

"Mama yangu Klara aliupanda mti wake kwa mbegu, Geita," Masele alisema kwa majivuno. "Mimi nimeuzalisha hapa Kahama, bustanini kwangu."

Zipora akamweleza kazi yake. Ndani ya jani mna vichembe vya kijani, kloroplasti, na mchungwa huvirithi kwa mama peke yake. Ukivisoma, unaujua ukoo wake tangu kale. "Mti wenu ukiwa wa pekee, nitauandika kwa jina la mama yako."

Kesho yake akachuma majani bustanini, na moyo wake akauacha huko huko. Kila Jumamosi alipiga simu dukani kwa mzee Rajabali, jirani wa Masele.

"Daktari wangu, umekula?"

"Nimekula, ila si machungwa yako."

Septemba sauti ya Zipora ikabadilika. "Masele, majibu yametoka. Ukoo si wa mchungwa, ni wa mlimao, ule wa malimau yenye ganda la manundu. Kwa nini ulinidanganya?"

"Mama yangu si mwongo," Masele akajibu, akakata simu.

Tangu hapo kila akipiga, Rajabali alimwambia, "Binti, anasema hayupo. Amesimama hapa, ananitazama."

Zipora alilia, lakini maabara aliiamini kuliko machozi yake. Desemba akarudi bustanini ajihakikishie. Alipiga magoti pale pale alipochuma, chini kabisa, kwa kuwa ndiko mkono ulikofika kwa urahisi. Akafikicha jani, likanuka limau. Kiganja kimoja juu yake, kwenye shina, palikuwa na kovu la kiungo: Masele alikuwa ameubebesha mchungwa juu ya shina la mlimao, kama wafanyavyo wakulima wote, na yeye msomi alichuma chipukizi la shina. Aliona aibu ya kweli. Akachuma majani ya juu ya kovu, akaondoka bila kumwona mtu.

Februari alisimama mbele ya tenga lile lile, na safari hii Klara mwenyewe alikuwapo.

"Shikamoo, Mayu," Zipora akamwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba."

"Kosa ni langu," Zipora alisema, kwa sauti iliyowafikia wauzaji wote. "Nilichuma majani ya mlimao. Kwa upande wa mama, mchungwa wako ni wa ukoo wa mbalungi, kama michungwa mingine, ila una alama ambayo sijaiona popote. Nimeuandika Chungwa la Klara."

Klara aliipokea karatasi ya majibu, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Mimi niliwaambia," alisema, akaendelea kupanga machungwa.

Masele alikuwa bado amenuna, lakini mikono yake ilikuwa inamenya.

"Ulisema mti huchukua kijani kwa mama tu."

"Ndiyo."

"Nataka wanangu wachukue akili kwako, Zipora."

"Na kiburi?"

"Hicho watakipata pande zote mbili," Masele akasema, akampa chungwa zima.