Nyimbo za Furaha Kabla ya Kuanua Matanga

Siku ya pili ya matanga ya mama yangu, Elinipendo, mchana ulikuwa mtulivu. Wanaume walikuwa uani wakipanga viti, wanawake wakimenya ndizi za supu ya mtori, na ukungu ulikuwa umetua juu ya migomba ya Machame. Kindness, binti wa kaka yangu Eliakim, alikuwa chumbani akijisomea. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Nilimkuta analia juu ya daftari la jiografia. Alisema ukimya wa msiba unamletea mawazo, hakiingii kitu kichwani. Nilimwuliza kwa nini hasikilizi zile nyimbo zake changamfu za Kizungu. Mimi ndiye niliyemshauri, mwaka jana: za Bongo ataishia kuimba, lakini za Kizungu zinapita pembeni kama mvua juu ya bati, mkono nao unaandika.

"Shangazi, kwenye msiba?"

Kwetu, muziki wa furaha haupigwi nyumbani mpaka tuanue matanga. Nilijua hilo kuliko yeye. Lakini nimefundisha watoto miaka ishirini na sita, na sijazoea kumwona mtoto akishindwa huku nimekaa. Nikamwambia avae spika za masikioni za simu yake, hakuna atakayesikia.

"Hata Bibi?" akauliza, akitabasamu kidogo. Dirisha lake lilitazama kaburi la mama yangu, udongo mbichi katikati ya migomba.

"Hata Bibi."

Siku hiyo alisoma mpaka nikamwita mara tatu kula. Kesho yake alinifuata jikoni, akaninong'oneza kwamba ndani ya nyimbo kuna mtu anapiga makofi. Polepole, nyuma kidogo ya mdundo.

Nikamwambia ni waya umechakaa. Ili nimtulize, tuliketi kitandani, spika moja sikioni kwangu, nyingine kwake. Wimbo ulikuwa mzuri. Ngoma, gitaa, kijana anacheka katikati ya ubeti. Sikusikia kingine, nikamwambia hivyo.

Kindness akagusa spika iliyokuwa sikioni kwake.

"Shangazi," akanong'ona, "yuko upande huu."

Tukabadilishana spika.

Makofi yakanijia. Makavu. Viganja vya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote. Nilivijua. Kisha yakakoma. Wimbo ukaendelea kuchangamka, na sauti ya mama yangu ikauliza taratibu, pande zote mbili:

"Nani anafurahi nyumbani kwangu?"

Nilipaswa kujibu mimi. Lakini Kindness alilelewa vizuri; mkubwa akiuliza, hunyamazi.

"Shikamoo, Bibi," akasema. "Ni mimi."

Wimbo ukakatika.

Kwangu ulikatika. Kwake haukukatika tena. Aliusikia bila simu: mezani, kanisani, usingizini. Mchungaji aliomba. Wazee walichinja mbuzi, wakamwaga pombe ya mbege kaburini. Daktari mjini Moshi alisema masikio ni mazima. Kwenye chumba cha mtihani alipiga makofi, polepole, mpaka msimamizi akamtoa nje. Karatasi yake ilikuwa na namba ya mtihani tu. Tangu siku hiyo hajasema neno. Anatabasamu, na machozi yanatiririka.

Desemba, ndugu walipopanda kutoka mijini, tulijengea kaburi. Fundi alilainisha saruji kwa mwiko, akaondoka. Asubuhi nilikwenda kuimwagia maji.

Katikati ya saruji palikuwa na viganja viwili. Havikuzama. Vilikuwa vimetuna, kama vimesukumwa kutoka chini.

Nilidhani ni vya mama. Nikavipapasa. Vilikuwa vyembamba, vichanga, na kila mstari wa kiganja ulionekana. Nilivitambua. Mkono ule niliuongoza mwenyewe ulipoandika herufi yake ya kwanza.

Nilirudi ndani mbio. Kindness alikuwa kitandani, macho wazi, anapumua. Nikamshika mikono, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Viganja vilikuwa vya baridi, laini kama vimepigwa mwiko. Havikuwa na mstari hata mmoja.