Mganga Anayemuuliza Mzee Mwenyewe

Kila Jumatano asubuhi Bibi Eliwaza wa Chome alichukua jembe, akaenda kufungulia maji ya zamu yake. Maji yalitoka kwenye ndiva, yaani bwawa la kijiji, yakapita mferejini mpaka kwenye maharage yake. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na mzee aliyegawa zamu alikuwa mkali. Mwenye zamu asipofika, maji yalikwenda kwa mwingine.

Mwaka ule, baada ya Pasaka, Eliwaza alianza kuanguka. Akiinuka, kizunguzungu kinamshika. Siku nyingine aliwaita wajukuu kwa majina ya watu waliokufa zamani.

Mwanawe Hezroni akampeleka dispensari. Dresa, mtu aliyetoa dawa pale, hakumtazama Eliwaza. Alimtazama Hezroni.

"Bibi ana nini?"

"Miguu, bwana dresa. Na kichwa hakijatulia."

"Ana umri gani?"

"Alikuwa msichana Mjerumani alipofika."

Dresa akacheka. "Basi ni uzee tu." Akampa Hezroni haluli, chumvi ya kuharisha, ili bibi asafishwe tumbo.

Eliwaza alikuwa amekaa papo hapo kwenye benchi. Kiswahili alikisikia vizuri. Walimsema kama gunia la mahindi lililoletwa kupimwa. Hasira ilimpanda.

Haluli ilimharisha siku mbili. Jumatano ilipofika hakuweza kusimama. Hezroni akaketi kwenye kigoda, macho chini.

"Mama, nimeongea na mgawa maji. Zamu yako tumpe Simeoni wa shamba la jirani. Nawe uhamie kwangu, Esta akuangalie."

"Umeongea naye lini?"

"Jana."

"Na mimi utaongea nami lini?"

Mke wa Hezroni, Esta, akageuza uso.

Mlangoni aliingia jirani yao Koleta, na bakuli la uji. Zamani Koleta alikuwa mtumishi wa wodi hospitalini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu uone gunia."

Koleta aliposikia habari yote, aliweka bakuli chini. "Dresa alikushika mkono? Alikusimamisha?"

"Hata kidole hakunigusa."

"Aliuliza dawa nyingine unazokunywa?"

"Aliuliza umri wangu. Na hakuniuliza mimi."

Hezroni akasema, "Dada Koleta, dresa ndiye mganga wetu. Tuna mwingine?"

"Yupo Same, hospitalini. Mganga msaidizi Tumainieli. Alimtibu baba yangu. Mganga anayejua wazee utamjua kwa kazi yake. Humuuliza mzee mwenyewe. Humpima, humtazama anavyotembea. Hutaka kuona kila dawa, hata ya miti. Wala hasemi uzee kabla hajatafuta ugonjwa. Dresa ana watu arobaini mlangoni, simlaumu sana. Nakulaumu wewe. Ulimjibia mama yako kama vile hana mdomo."

Esta akakusanya dawa zote za mama mkwe wake kwenye kikapu kimoja. Vijana wa jirani wakambeba Eliwaza kwa machela mpaka stesheni ya Makanya. Hapo wakapanda gari moshi kwenda Same.

Tumainieli alimwamkia Eliwaza kwanza, kwa Chasu, lugha ya kwao. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama, unasumbuliwa na nini?"

"Miguu yake..." Hezroni alianza.

"Ngoja, ndugu yangu. Utusubiri nje kidogo. Nitakuita."

Mlango ukafungwa. Ndipo Eliwaza akasema jambo ambalo mama hawezi kulisema mbele ya mwanawe wa kiume. Mkojo ulimuunguza. Ulimtoa nje kila saa, na choo kilikuwa mbali. Kwa hiyo aliacha kunywa maji.

Tumainieli akampima homa na mkojo, akautazama ulimi wake, akamsimamisha polepole. Kisha akatoa dawa kikapuni moja moja. Haluli akaiweka kando.

"Hii usiinywe tena, mama. Una ugonjwa wa njia ya mkojo, na mwili wako umekauka. Hata kijana akikauka hivi ataanguka na kusema ovyo."

"Kwa hiyo sijarukwa na akili?"

"Una homa na kiu."

Eliwaza akalia. Hakulia kwa ugonjwa. Alilia kwa ajili ya zile siku zote walizomsemea.

Alilazwa siku sita. Alipewa vidonge na maji mengi. Siku ya kutoka, kwa ruhusa ya mama mwenyewe, Tumainieli alimweleza Hezroni: mama anywe maji mchana kutwa, awekewe ndoo ya haja ndogo karibu na kitanda, na akiamka akae kwanza kitandani kabla ya kusimama.

"Niliona aibu kumuuliza," Hezroni alisema.

"Basi mlete kwa anayeuliza. Usimjibie."

Walipofika Chome, Hezroni alikwenda mwenyewe kwa mgawa maji kufuta maneno yake. Simeoni hakugomba.

Baada ya majuma matatu, siku ya Jumatano, Eliwaza alikuwa mferejini na jembe lake. Kibuyu cha maji ya kunywa kilikuwa kando. Hezroni alimsaidia kuziba mfereji kwa tope. Dresa akapita njiani na mkoba wake, akasimama.

"Hezroni, bibi anaendeleaje?"

Hezroni alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Yuko mbele yako, bwana dresa. Muulize."

Dresa akageuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

"Shikamoo, bibi. Unaendeleaje?"

Eliwaza alichukua kibuyu, akanywa kwa utulivu, akafuta mdomo.

"Marahaba," alisema. "Weka mkoba chini, nikuambie."